Safu ya Kumi na Tatu

Shirika letu lilikuwa na ndege kama mimi nilivyokuwa na suti: ya kuazima, na roho juu kila siku isije ikarudi imepungua kifungo.

Watu wengi hawalijui hili. Abiria anaona jina kubwa ubavuni mwa ndege, anatikisa kichwa, anasema hawa jamaa wana mali. Mali gani? Ndege nyingi ni za kupanga, kama chumba. Kuna mwenye nyumba mahali fulani, hujawahi kumtia machoni, na yeye ndiye anayeamua leo uko ndani, kesho uko nje. Mwaka ule ndege yetu kubwa, ambayo nayo ilikuwa ya kupanga, ilitolewa injini moja ikapelekwa kutengenezwa, na injini ikagoma kurudi. Shirika likakimbilia kukodi nyingine kwa ule mtindo wa dharura: unaletewa ndege pamoja na marubani wake, wahudumu wake na fundi wake. Ni sawa na kuazima sufuria kwa jirani ukaletewa na mpishi. Sisi kazi yetu ilikuwa kutia mafuta, kuleta abiria na kubandika stika yenye jina letu. Stika yenyewe ilikuwa fupi. Herufi za mpangaji aliyetangulia zilichungulia pembeni kama shati la ndani.

Mimi nilikuwa nauza viti. Si seremala. Nilikaa kaunta ya abiria, dawati la mwisho, na kazi yangu ilikuwa kumweleza mtu aliyeshanunua tiketi kwamba amenunua kusafirishwa tu. Atakaa wapi ni mazungumzo mengine. Dirishani pana bei yake. Mbele pana bei yake. Pale kwenye mlango wa dharura, ambapo miguu inanyooka, pana bei itakayokufanya uikunje mwenyewe kwa hiari. Kiti cha bure ni cha katikati, nyuma kabisa, jirani na choo, na hicho nacho kompyuta ndiyo inakuchagulia. Kompyuta yetu haikuwa na mke wala mama. Ikiona mume na mke hawajalipia, mmoja inamtupa mbele, mwingine inamtupa mkiani, kama wameapizana.

"Kijana, huyu ni mke wangu," mzee mmoja aliniambia.

"Hongera, mzee."

"Sitaki hongera, nataka kukaa naye."

"Kukaa naye kuna ada, mzee wangu."

"Ada! Nimekaa naye miaka yote hii bure!"

Mkewe akageuka taratibu. "Bure? Nani alikudanganya ni bure?"

Ndiyo kazi yenyewe. Wenzangu waliniita Dirisha, kwa sababu ya bidhaa yangu, na pia kwa sababu wanasema ukinifungua mdomo sifungiki.

Sasa, mwenye ile ndege ya kukodi aliiogopa namba kumi na tatu. Kuna matajiri wa namna hiyo, hawaogopi radi wala serikali, wanaogopa tarakimu. Kwenye ndege yake safu zilitoka ya kumi na mbili zikarukia ya kumi na nne, kama mtoto anayeruka dimbwi. Kompyuta yetu haikuwa na habari. Bado ilikuwa na ramani ya ndege yetu ya zamani, na kwenye ramani hiyo safu ya kumi na tatu ilikuwepo, nzima, ina madirisha mawili mazuri. Safari ya kwanza kabisa niliiuza yote. Nilijisifu hata.

Mara simu ya redio ikakoroma kutoka ndani ya ndege, sauti ya mwanamke: "Kaunta, ni nani ameuza safu ya kumi na tatu?"

Mzani, rafiki yangu anayepima mizigo dawati la jirani, akaninyooshea kidole bila hata kuombwa. Nikamwambia, "Hakuoni, ni redio." Akasema, "Najisikia vizuri tu kunyoosha."

"Mwambieni aje awaonyeshe," sauti ikaendelea. "Walioinunua wamesimama hapa njiani."

Nikapanda ndege. Abiria wangu walikuwa wamepanga mstari kwenye ujia, kila mmoja na kadi yake mkononi, nyuso zimewavimba. Mbele yao alisimama mhudumu wa ndege, ameshika ule mkanda mfupi wa kufundishia, ule usiokuwa na kiti.

"Wewe ndiye mwenye safu?"

"Ndiyo mimi."

"Haya. Tuonyeshe."

Nikatazama kumi na mbili. Nikatazama kumi na nne. Nikarudia. "Asubuhi ilikuwa hapa," nikasema.

Alijitahidi kutocheka, nilimwona. Shavu moja lilimshinda. "Labda imeshuka kununua maji," akasema, kisha akawageukia abiria na kuwakalisha wote kwa maneno laini, huyu huku, yule kule, hadi mwanamume aliyekuja amefura kama andazi akaketi akimwomba radhi yeye. Nilipogeuka kutoka, akaniita.

"Wewe. Ukiipata hiyo safu yako, niwekee kiti kimoja."

"Dirishani au njiani?"

"Dirishani. Na wewe ukae cha katikati, ukione kile unachowabakizia binadamu wenzako."

Nikashuka ngazi za ndege bila kuzihisi. Tangu siku hiyo nilimwita Mkanda.

Kila ndege ilipotua na kuanza kufagiliwa, palikuwa na nafasi ya chai. Alikuja upande wangu wa kaunta, anaegemea pale penye ufa wa mbao, kikombe cha karatasi mkononi, na mazungumzo yetu yalianzia mahali pamoja.

"Jana nimelala safu ya kumi na tatu," atasema. "Huduma mbovu."

"Nilikwambia jiko liko upande wa bawa. Hukusikia."

"Na watoto?"

"Nimewalaza sehemu ya mizigo. Mzani amewapima, mkubwa amezidi kilo."

Basi tukaijenga safu ile. Tuliipa mapazia. Tuliipa jirani mkorofi wa safu ya kumi na nne ambaye anapiga miluzi. Tulinuna humo, tukapatana humo, na siku alipochelewa kuja chai nilimwandikia onyo kwamba mwenye nyumba atatutoa. Wenzetu walianza kumwita shemeji, naye aliitika. Lakini neno lenyewe, lile ambalo watu wengine husema kwa sauti ya chini wakiangalia viatu vyao, hatukulisema. Sisi wawili tulikuwa na lugha moja tu, utani, na ndani ya utani mtu anaweza kuishi muda mrefu sana bila kujua kama ana paa.

Mara moja tu aliongea bila kucheka. Mvua ilikuwa imefunga uwanja, hakuna ndege inayoruka, abiria wamelala juu ya masanduku yao. Akaniambia kwamba dada yake mkubwa alifariki, akaacha watoto wawili, na wako kwa bibi yao huko kwao, na mshahara wake ndio ugali na daftari na dawa za nyumba ile. Aliyemwajiri si shirika letu. Aliyemwajiri ni mwenye ndege.

"Kwa hiyo mimi ni kifaa cha ndege," akasema. "Kama lile boya chini ya kiti. Mkataba ukiongezwa, ndege inabaki, nami nabaki. Usipoongezwa, naenda inakokwenda. Siwezi kuiacha kazi hii, Dirisha. Usije ukaniomba."

"Sijaomba."

"Najua. Nakuzuia mapema." Akazungusha kikombe. "Lakini ikibaki, unipeleke kwa mama yako."

Na mimi kumfuata nisingeweza, hilo alilijua. Mama yangu alipata kiharusi baada ya baba kufariki, upande wake mmoja ukalegea, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Asubuhi namwinua, namvalisha viatu, namwekea chai upande wa mkono unaoshika. Nikiwa kazini jirani yetu hupita kumchungulia. Nikiondoka mimi, nani amwinue?

Kwa hiyo hapakuwa na fumbo. Mkataba ukiongezwa, nina mke. Usipoongezwa, nina hadithi ya kuchekesha ya safu isiyokuwepo. Na mambo ya mikataba hayashuki hadi kaunta. Sisi tunaambiwa tutabasamu tu.

Nyumbani kwetu nako kulikuwa na kiti kisichouzwa. Kiti cha baba, cha mikono, kando ya dirisha la sebuleni. Tangu alipotutoka, hakuna aliyekikalia. Mgeni akikisogelea, mama anakohoa, mgeni anahamia kwenye kochi. Kitambaa kilikuwa kimechanika mahali baba alipozoea kuweka viwiko.

"Mama," nilikuwa namtania, "hata kazini, mtu akilipa vizuri tunamwachia kiti chochote."

"Wewe lete ulipie," alikuwa ananijibu na ule mdomo wake unaotabasamu nusu. "Bei yake ni kufa kwanza."

Ulimi wa mama haukupata kiharusi. Mtu asije akadhani mimi huu mdomo niliokota barabarani.

Sasa nifike kwenye rangi.

Alhamisi moja ndege haikuja kwenye kituo chake. Ilivutwa ikaingizwa karakana, milango ikaachwa wazi. Dirisha la kantini yetu linatazama huko. Nikaona majukwaa ya chuma yamezungushwa. Nikaona vioo vyote vimezibwa kwa karatasi, na stika yetu imebanduliwa imelala chini kama ngozi ya nyoka. Na madebe ya rangi, yamepangwa ukutani hadi juu, mapya, hayajafunguliwa.

Ili mnielewe: shirika letu halikuwa likipoteza rangi kwa ndege ya kupita. Ndege ya muda mfupi inabandikwa stika. Ndege inayopakwa rangi zetu, mkia hadi pua, ni ile iliyosainiwa ikae miaka. Hili analijua hata mfagiaji. Mpangaji gani anapaka rangi nyumba anayohama?

Mzani naye alikuwa ameona. Alikuja mbio, ameacha sanduku la mtu juu ya mizani. "Dirisha! Wanapiga rangi! Shemeji kabaki!"

Nikapanda juu ya mizani nikacheza. Nilicheza mbele ya abiria, na tai yangu, na kitambulisho kikinipiga puani. Mzani akasoma kioo, akatangaza kwa sauti rasmi, "Furaha imezidi kilo, ndugu. Utalipia."

Mkanda nilimkuta anakatiza ukumbi na wenzake, anavuta kisanduku chao kile kidogo cha magurudumu. Nikamkimbilia. Na hapa, mimi mtu wa maneno, nilitaka kwa mara moja kuwa na adabu, nisipayuke.

"Nimeiona ndege karakana," nikamwambia. "Nimeona madebe."

Macho yakamjaa machozi papo hapo. "Kumbe umeshaona," akasema. "Nilikuwa sijui nianzie wapi kukwambia."

"Usianzie popote. Jumapili uje nyumbani. Mama anataka kukuona."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayemeza kitu kikubwa. "Nitakuja," akasema. "Lazima nimwone mama yako." Wenzake wakamwita, akaenda, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya ukumbi, najisifu. Nilikuwa nimemliza mtoto wa watu kwa furaha, na sijatumia hata utani mmoja.

Nilipomweleza mama, aligeukia dirishani. Alikitazama kiti. Kisha akasema, "Kaniitie fundi wa makochi."

"Wa nini?"

"Unataka mkwe wangu akae kwenye matundu?"

Fundi alikuja Ijumaa hiyohiyo na vitabu vyake vya vitambaa. Mama alichagua mwenyewe, akavipapasa kwa mkono ule mzima, akakataa vya maua, akakataa vya mistari, mwisho akachukua bluu iliyotulia. Fundi alipong'oa mto wa zamani akakuta chini yake kitana cha baba, kimebaki meno machache. Akamuuliza mama, "Nitupe?" Mama akanyoosha mkono. Akakitia mfukoni mwa gauni, na jioni yote mkono wake ulikuwa humo mfukoni.

Jumapili akaja. Sikuwahi kumwona bila sare. Alivaa gauni la kawaida la rangi ya udongo, nywele amezifungua, na viatu vya chini, ikawa nimemzidi urefu kwa mara ya kwanza. Alibeba matunda kwenye mfuko wa karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Kaa pale."

Akakaa. Mama akamtazama pale kwenye bluu, dirisha nyuma yake, mwanga unampata shavuni. Alimtazama hadi nikadhani atalia, na nikajiandaa na mzaha wa kumwokoa, lakini yeye akaniwahi.

"Kinakukaa," akamwambia. "Niliogopa kitakumeza. Mwenyewe alikuwa na mwili."

Tukala. Nilikuwa nimepika mimi, na mama aliomba radhi kwa niaba yangu kila kijiko. Akamwambia Mkanda, "Huyu kazini anauza viti, hapa nyumbani hata kukipangusa kimoja hajui." Mkanda akacheka, akasema, "Mama, hata kazini anauza visivyokuwepo." Akamsimulia habari za safu. Mama alicheka kwa upande wake ule mmoja hadi nikamfuta machozi kwa leso. Nilikaa pale nikiwatazama wawili hao, sufuria iko mezani, na nilisema moyoni kwamba basi, hapa ndipo. Sihitaji kuhamishwa.

Mama akaweka kijiko chini. "Sasa niambieni. Mkishaoana mtakaa hapa na mimi, au mtaenda kupanga? Semeni tu, mimi si mama mkwe wa kununa."

Mkanda aliniangalia.

"Mama," akasema polepole, "kwani hajakwambia?"

"Ameniambia. Ndege inapakwa rangi. Unabaki."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, na kila ukigonga nilitamani aendelee, asiache, kwa sababu akiacha mtu atalazimika kuongea.

"Inapakwa nyeupe, mama," Mkanda akasema.

"Nyeupe nzuri."

"Nyeupe tupu. Ndege ikirudishwa kwa mwenyewe inafutwa kila kitu, jina, alama, yote. Inapakwa nyeupe ili mpangaji mwingine aje aandike lake. Injini yenu imepatikana, mkataba wetu umeisha. Tunaondoka Jumatano." Kisha akanigeukia, na sauti ikamkatikia njiani. "Nilidhani unajua. Uliposema umeona madebe, ukaniita kwenu, nilisema moyoni, jamani huyu mtu. Ananipeleka nikamuage mama yake."

Mimi, Dirisha. Nilifungua mdomo na hapakutoka hata upepo.

Mkanda akatazama kile kitambaa kipya alichokalia. Akatazama picha ya baba ukutani, pale juu ya kichwa chake, baba akiwa ameketi kwenye kiti hichohicho. Akaelewa. Akasimama kwa ghafla kama aliyeungua.

"Kaa," mama akasema.

"Mama, sikujua hiki kiti ni—"

"Kaa, mwanangu. Umeshakaa. Maliza chakula chako."

Akakaa. Tukamaliza. Sijawahi kuona watu watatu wakitafuna kwa bidii namna ile. Baadaye hakukubali nishike chombo, akaosha mwenyewe, kisha akamwinua mama kumpeleka kitandani, na alijua namna, mkono mmoja chini ya kwapa, mmoja kiunoni, kazi yao inawafundisha. Walikaa huko chumbani. Nilisikia mama anacheka. Walichozungumza sijakijua mpaka leo, na mama kila nikimuuliza anasema ni mambo ya wakwe.

Jumatano kaunta yangu haikuwa na kazi. Ndege inayorudishwa haibebi abiria. Viti vyote, kuanzia mbele hadi chooni, dirishani, njiani, penye miguu mirefu, vinaondoka vitupu, na hakuna hata kimoja ninachoruhusiwa kuuza, au kugawa, au kukalia. Nilimuuliza bosi, kwa mzaha, kama naweza kwenda nayo hadi mwisho wa njia ya kurukia na kurudi. Bosi, ambaye hajawahi kunielewa, akasema bima haitakubali.

Alikuja na kisanduku chake. Akaegemea pale penye ufa. Mzani aligundua ghafla kwamba ana kazi stoo.

"Leo vyote bure," nikasema.

"Vyote. Nichagulie."

"Dirishani."

"Upande gani?"

"Huu wa kushoto, unaotazama jengo. Nitasimama kantini. Utaniona."

"Sawa." Akatoa kitambulisho chake cha uwanja, kile cha muda alichotakiwa kukirudisha, akakiweka juu ya kaunta na kukinyoosha kwa kidole hadi kikae sambamba na ukingo. "Safu yetu sijaipata, Dirisha. Nimeitafuta hata chini ya zulia."

"Usiende," nikasema.

Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia ambalo halikuwa na mkia wa kicheko. Lilitoka kavu, peke yake. Nililisikia likianguka pale kati yetu na nikaona lilivyompata. Akashika ukingo wa kaunta.

"Usiniambie hivyo," akasema kwa kunong'ona. "Nakuomba. Ukinisemesha hivyo sitafika mlangoni. Nitanie. Nitanie nitoke."

Nyuma yake wenzake walikuwa wanamsubiri. Mmoja alishika mlango.

Nikachukua kipaza sauti. Sikukiwasha. Nikakileta mdomoni na nikaita kwa ile sauti yangu ya kazi, ile ya puani anayoichukia, na sijui niliipata wapi: "Abiria wa safu ya kumi na tatu. Abiria wa safu ya kumi na tatu, dirishani. Tafadhali elekea mlangoni. Watoto wako wameshapandishwa. Jirani wa kumi na nne ameanza miluzi."

Akacheka. Akacheka na uso wote ukiwa umelowa, akainua mkono bila kugeuka, akatembea, kisanduku kikimfuata, magurudumu yakigonga kila kiungo cha sakafu. Mlango ukafungwa.

Nilipanda kantini mbio. Ile pale, nyeupe, haina jina, kama karatasi ambayo mtu amekosea akafuta. Ubavu wake wa kushoto unatutazama, vioo vimepangana, vidogo, vyote sawa, na kwenye kimojawapo yupo yeye, lakini jua lilikuwa limevipiga na sikuona kitu zaidi ya mng'ao. Si kitu, nikasema. Ikianza kutembea nitaona. Ikaanza kutembea, na mng'ao nao ukatembea. Ikaenda hadi mwisho kabisa wa njia, ikawa ndogo, na huko mwisho ikageuka.

Ikageuka, jamani. Ndege hugeuka kabla ya kuruka. Hata mtoto anayekuja uwanjani kushangaa anajua. Mimi niliyewauzia watu madirisha mwaka mzima, niliyewaambia mlima utauona upande huu, ziwa upande ule, nilimkalisha upande wa nyasi. Ilipita mbele ya kantini kwa kasi yake yote, na ubavu uliotutazama ulikuwa wa kulia, na nilipunga mkono hivyohivyo, kwa viti vitupu.

Nilifika nyumbani mama yuko kochini, mahali pake. Hakuniuliza kitu mpaka nilipovua viatu.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Alikaa wapi?"

"Dirishani."

"Mkaonana?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo tu. "Nilimkalisha upande usio wenyewe," nikasema.

Mama hakunituliza. Hajui kutuliza, hata baba alipofariki alinipa kazi ya kukunja mashuka. Aliupapasa mfuko wa gauni lake, kitana kikiwa bado humo.

"Njoo ukae," akasema.

Nikasogea kochini.

"Si hapa. Pale."

"Kina mwenyewe, mama."

"Nimekitazama miaka," akasema. "Nimekitazama sana, mwanangu, na sikuona mtu. Nenda ukae."

Nikaenda nikakaa. Kitambaa kilikuwa bado kinanuka duka, na mto mgumu, haujamzoea mtu. Mkanda alikikalia mlo mmoja tu. Sikuwahi kujua kwamba kutoka pale, ukiinamisha kichwa kidogo, kati ya ukuta wa jirani na nguzo ya umeme, kuna kipande cha mbingu. Jioni zote zile baba alikuwa anatazama hicho. Nikakitazama na mimi. Hakikupita kitu.

"Kinakukaa?" mama akauliza.

"Kinabana miguu kidogo," nikasema.

Akacheka, kwa ajili yangu. Mimi nikashindwa.